Picha safi si ruhusa ya kucheza Jumamosi

Mkuu, acha. Umegongana vichwa mazoezini siku tano zilizopita, picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa, imetoka safi, kichwa "kinauma kidogo tu", mwanga wa simu unakukera, halafu unauliza uvae helmeti gani Jumamosi? Nimesoma nikahisi naandikiwa historia yangu mwenyewe.

Nilikuwa beki wa kati. Kona zote zilikuwa zangu. Siku moja nikala kiwiko hapa juu ya sikio. Sikuzimia. Niliona vimulimuli, nikauliza matokeo ni ngapi ngapi, dakika mbili baadaye nikauliza tena. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka, ingawa sikujua tunacheka nini.

Hospitali picha ikatoka safi. Daktari akasema nipumzike, kocha akasikia neno "safi" tu. "Hujazimia, hujavunjika, unadeka nini?" Mtu yuleyule ambaye msuli wa paja ukivutika anakuweka nje wiki tatu bila papara, kichwa alikipa siku sita! Hakuna aliyenifafanulia kwamba CT inatafuta damu na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo unavuruga utendaji wa seli, na picha ile haiuoni. Wengi wanaoupata wala hawazimii.

Sasa sikia ujinga wangu, maana huu si wa kocha. Asubuhi ya mechi kichwa kilikuwa kinagonga, nikameza vidonge viwili vya maumivu ili nisigundulike. Nilimdanganya kocha, nikamdanganya daktari wa timu, na kichwa changu nacho nikakidanganya. Kipindi cha kwanza ukaja mpira wa juu wa kawaida kabisa, ambao siku nyingine ningeupiga kichwa huku napiga mluzi. Huo ndio ulionimaliza.

Niliugua miezi 14. Kijiko kikigonga kikombe, nilisikia kama msumari unaingia. Nilisoma mstari mmoja mara nne bila kuupata. Nilimfokea mke wangu kwa kosa la kufungua pakiti ya biskuti. Siku moja nilitia chumvi kwenye chai, nikainywa yote ili asijue. (Haikuwa mbaya sana, msinihukumu.) Kocha nilipompigia aliniambia "itapita". Yeye alishapata beki mwingine.

Kwa hiyo shika hili: kichwa kinachouma hakichezi, na kilichotulizwa kwa vidonge bado kinauma. Siku moja au mbili za kwanza pumzika, punguza simu, tembea polepole. Usijifungie gizani wiki nzima. Baadaye panda ngazi: mbio nyepesi, mpira bila kugusana, daktari akuruhusu, mazoezi kamili, mechi mwisho. Kila ngazi ipe angalau siku nzima. Dalili zikizidi, shuka. Jumamosi haimo humo, hesabu mwenyewe.

Na ukianza kutapika tena na tena, maumivu yakizidi, ukipata degedege, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, au watu wakishindwa kukuamsha vizuri, ni hospitali saa hiyohiyo.

Helmeti? Inasaidia fuvu lisipasuke. Ubongo unaendelea kutikisika humo humo ndani.

Uliuliza na kitu kingine, nadhani kuhusu kahawa. Nilipoanza kuandika nilikuwa na jibu.