Ukitaka Kazi ya Nyangumi Malindi, Zima Injini

Kijana mmoja wa Mambrui kanisikia nikirusha sauti ya nyangumi kwenye kundi la manahodha, kaniandikia: "Kaka, na mimi nataka kupeleka wageni. Nianzie wapi?"

Anzia kwenye swichi ya injini.

Julai hadi Septemba nyangumi-nundu hutoka Antaktika kuja kuzalia kwetu, na kila mgeni anataka picha ya mkia. Manahodha wakiona mvuke wa pumzi yake tu wanamkimbilia, mnyama anazama, safari imekwisha. Nilipoleta maikrofoni ya majini nilichekwa ufuo mzima. Hoteli moja ikaniambia wageni wake hawalipi pesa kusikiliza maji, safari zangu ikampa mwingine. Haya.

Sauti ile niliinasa nje ya mwamba, kusi imelegea. Nilishusha waya, spika ikakoroma, halafu ukaja mlio kama wa mlango wenye bawaba za kutu, ukafuatwa na mguno mzito hadi spika ikasogea juu ya ubao. Kisha mlio mwembamba, unapanda. Halafu yote upya, kwa mpango uleule. Wageni waliziweka simu chini wenyewe. Nyangumi mwenyewe hatukumwona! Ni dume, akiimba huning'inia kichwa chini, wimbo dakika 10 hadi 20, akimaliza anaurudia, hata kwa saa nyingi. Madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, wakiubadilisha kidogo kidogo. Kama anaita majike au anawatisha wenzake, wataalamu bado wanabishana.

Sasa soma, kijana, maana mgeni atakuuliza. Majini jicho halifiki mbali, sembuse mto Sabaki unapomwaga tope. Sauti ndiyo inayofika: huenda mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani. Nyangumi wa buluu huweza kunguruma kwa mitetemo isiyofika 20 kwa sekunde, sikio letu haliupati mlio huo, nao huvuka mamia ya kilomita. Lakini usimwambie mgeni kwamba huyu wa Malindi anaongea na ndugu yake wa Brazil. Wapo wanaosema hivyo bila haya, na wanalipwa.

Upepo ukichafuka, watafiti wa Australia waliona nyangumi-nundu wakiacha kutegemea koo, wakapiga maji kwa mkia na mapezi ili wasikike. Mama na ndama nao huitana kwa sauti hafifu mno. Wewe ukiwasogelea na injini inanguruma, unawaziba masikio halafu unalalamika wamekukimbia. Tuache tamaa jamani.

Ile hoteli imepiga simu juzi kuuliza bei. Nimewatajia, mpya.

Kifaa nitakuazima. Waya uuvute wote ndani kabla hujawasha, rafadha ikiukata utanilipa.