Shangazi, pepo la uzinzi halinitoki

Mwanangu wa Uyole, barua yako ya kurasa nne nimeipata. Unasema umeokoka, una mke na watoto wawili, mnauza viazi, na miezi mitano sasa "pepo la uzinzi" linakuandama kwa ajili ya dada mmoja mnayeimba naye kwaya. Umefunga siku 40, umehamia chumba cha watoto ili uombe, kila Ijumaa unakesha kanisani, na bado. Mkeo, unasema, hana mzigo wa maombi, kazi yake kununa. Unauliza ufunge tena au uhame kanisa.

Pole. Kujaribiwa si dhambi, hata Yesu alijaribiwa nyikani. Lakini barua yako nimeirudia mara mbili. Huyo dada umemtaja mara tisa: sauti yake, machozi yake akiomba, anavyokuelewa. Mama watoto umemtaja mara moja tu, kanuna. Na mkesha ukiisha saa kumi na moja alfajiri, anayempakia pikipiki hadi kwake ni wewe, umeandika mwenyewe. Unasema mlishikana mikono "kwa maombi tu". Mchovya asali hachovyi mara moja.

Mimi niko upande wa mkeo. Baridi hii ya Julai analala peke yake, anaamka kuchambua viazi vya kupeleka soko la Mwanjelwa, mumewe anaingia macho mekundu kwa kukesha na mwanamke mwingine. Asinune kwa nini?

Nijibu hili: zile siku 40, mlipatana? Paulo, 1 Wakorintho 7:5, anawakataza wanandoa kunyimana, isipokuwa wamepatana, kwa muda, wapate kusali, kisha warudiane, Shetani asije akawajaribu. Wewe hukupatana na mtu. Ulitoka chumbani kwa jina la Bwana, ukauacha mlango wazi, sasa unamkemea aliyeingia.

Hili naliona kwa walokole wengi siku hizi, na linaniuma. Mume ana mtume wake, mke ana nabii wake, kila mmoja na chupa yake ya mafuta ya upako, lakini kushikana mikono wao wawili na kusali dakika tano hawawezi. Bibi yangu wa Rungwe, Mmoravian, mkesha hakuujua. Kila jioni alipiga magoti na babu kando ya moto jikoni, wakaombeana kwa majina.

Yusufu kwa mke wa Potifa hakufunga, wala hakukemea pepo. Alikimbia, vazi likabaki mikononi mwa yule mama, na gerezani akaenda. Na wewe kimbia. Kwaya iache, watasema, waache waseme. Namba yake ifute, wala usimwite "muagane kwa maombi". Kwa mchungaji nenda na mkeo, ukaseme yote mbele yake, pikipiki ikiwemo.

Na leo usiku rudi chumbani. Muombe msali pamoja. Akikataa, piga magoti upande wako wa kitanda, kimyakimya, na asubuhi magunia ya Mwanjelwa uyabebe wewe.