Sisimizi anashuka kwa uzi?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Moshi, Soweto. Juzi nafua nyuma ya nyumba mwanangu wa darasa la tatu akaniita, mama njoo uone sisimizi anashuka kwa uzi. Nikamwambia sisimizi hana uzi mwanangu, lakini nilivyoenda nikamkuta kweli ananing'inia kwenye mwembe, mweusi, kiuno chembamba, upepo unampeperusha, alafu akapanda juu kwa uzi huohuo akaingia kwenye majani. Babu yao anasema ni sisimizi kanasa kwenye utando, mtoto hataki kabisa kukubali. Nani yuko sahihi? Na je ana sumu? Pale ndo wanapocheza, nimeshanunua dawa ya kupuliza.

JIBU: Marahaba mama. Dawa iache kwanza. Mwambie babu, kwa heshima zote, kwamba mdudu aliyenasa anatapatapa, hapandi uzi kwa utulivu hivyo. Ule uzi ni wa kwake mwenyewe, katoa tumboni, maana yule sio sisimizi, ni buibui. Yuko kwenye kundi la buibui warukaji, na jenasi yake maarufu zaidi, yaani ukoo mdogo wa aina zinazokaribiana, inaitwa Myrmarachne, jina lililoungwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, sisimizi na buibui, kwahiyo hata waliompa jina waliona kilekile alichoona mwanao.

Mwambie mtoto amvizie tena taratibu, ahesabu miguu. Sisimizi ana 6, huyu ana 8. Ila kuhesabu sio rahisi kama unavyodhani, kwasababu ile miwili ya mbele anainyanyua juu ya kichwa na kuichezesha kama vile vipembe vya sisimizi, unabaki unaona 6 tu! Kuna watafiti Marekani walimpiga picha kwa kamera za kasi sana, kazi yao ilitoka 2017, wakakuta akitembea anatumia miguu yote 8, akisimama kidogo tu ndo anainua ile ya mbele, kitendo cha sehemu ndogo ya sekunde, jicho letu haliwahi kuona. Na hatembei moja kwa moja, anakata kona kona kama sisimizi anayefuata harufu ya njia.

Mwili nao hivyohivyo. Buibui wa kawaida ana vipande viwili, sisimizi vitatu. Huyu kile kipande cha mbele kimebanwa katikati kama kimefungwa uzi, ndo unaona kichwa, kifua na tumbo. Ila mtazame usoni, hata kwa simu ukizoom: macho mawili makubwa yanang'aa yanakutazama wewe. Sisimizi hana macho ya namna hiyo. Mi nilimuweka mmoja kwenye glasi safi mezani, kila nikisogeza kidole ananigeukia, nikakaa naye karibu nusu saa nzima nimesahau chai yangu, alafu nikamrudisha kwenye mti wake.

Sasa kwanini ateseke hivyo? Kwasababu sisimizi anaogopwa. Anang'ata, wengine wanarusha asidi, na ukimgusa mmoja wanakuja mia. Ndege wengi, vunjajungu na buibui wenzake wakimuona wanampita. Lile umbo tu ndo ulinzi wa buibui huyu, na ameulipia maana kwa kuruka hawezi kama ndugu zake warukaji wengine.

Kuna kitu kimoja kinanigusa sana hapa. Dume lina mataya marefu mno yametokeza mbele, ukimuona utasema sisimizi kabeba mzigo mdomoni. Watafiti wa buibui Ximena Nelson na Robert Jackson waliandika 2006 kuhusu hilo: wanaoogopa sisimizi wanaendelea kumkwepa, ila wale wanaokula sisimizi wanapenda zaidi sisimizi aliyebeba mzigo kwasababu mdomo umeziba, hawezi kung'ata, kwahiyo dume linakwepa maadui hawa linawavutia wale. Jike halina mataya hayo.

Kuhusu sumu, ana sumu ya kuulia vidudu vidogo anavyokula, kwa mtoto hana madhara, na hata hapendi kukaribiwa, anakimbia. Sasa ukipuliza dawa utamuua huyo na buibui wenzake wote wanaokula inzi hapo kwako, na sisimizi wenyewe kesho watarudi.

SWALI: Mambo dada, mi niko Sakina Arusha. Nimesikia kuna buibui ananyonyesha watoto, eti na yeye anafanana na sisimizi. Ni kweli au ni stori za mtandaoni?

JIBU: Poa mdogo wangu. Ni kweli, ila sio wa huku kwetu, huyo ni wa Asia, anaitwa Toxeus magnus, zamani alikuwa anahesabiwa humohumo kwenye Myrmarachne mpaka jenasi ilipogawanywa. Watafiti wa China walitangaza 2018. Mama anatoa matone ya maji meupe chini ya tumbo, protini yake ni kama mara nne ya maziwa ya ng'ombe, na siku 20 za mwanzo watoto hawali kitu kingine chochote. Baada ya hapo wanaanza kutoka kuwinda, lakini wanarudi kunyonya mpaka karibu siku ya 40.

Ukitaka wa karibu na sisi, yupo Myrmarachne melanotarsa wa Ziwa Victoria, huyo alitambulishwa kisayansi 2002 kutoka Mbita upande wa Kenya. Wanaishi wengi pamoja, vijumba vyao vya hariri vimeunganishwa, na wakitembea kikundi wanaonekana kama msafara wa sisimizi kweli, na buibui wengine wakiona kundi hilo wanakimbia na kuacha mayai yao, nao wanaingia kuyala.

Na wewe mama wa Soweto, ukikuta jani la mwembe lina kitambaa cheupe kidogo cha utando kimebana upande wa chini, usikichane, inawezekana jike limekaa humo na mayai.