Mvuvi wa Dagaa Hafiki Mkutanoni Saa Nne Asubuhi

Mkutano wetu wa kwanza kuhusu kipindupindu tuliuitisha saa nne asubuhi, chini ya mwembe ulio jirani na mwalo, na waliofika walikuwa wazee wachache pamoja na watoto waliofuata kipaza sauti. Nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, na jioni ile tuliandika kwenye taarifa kwamba mwitikio wa wananchi ulikuwa hafifu. Ilikuwa taarifa ya kivivu. Kila aliyekulia huku anajua kuwa mvuvi wa dagaa hukesha ziwani na taa zake, kwamba saa nne anakuwa amelala fofofo, na kwamba mkewe saa hiyo yuko mchangani akigeuza dagaa juani.

Hayo yalikuwa mwezi wa Mei 2015. Wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wamefurika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, ambacho wakati ule kilifikika kwa njia ya maji tu, na meli kongwe ya MV Liemba ilikuwa ikiwachukua kwa mafungu hadi Kigoma mjini. Mwezi huohuo UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilitangaza kwamba waliougua kipindupindu walikuwa wamefikia takriban 3,000, na waliofariki 31. Watu walikunywa maji ya ziwa lilelile ambalo ufuo wake, kwa kukosa vyoo, ulikuwa umegeuzwa choo.

Kwa hiyo, ukipelekwa kijijini wakati wa mlipuko, uliza kwanza watu hao huamka saa ngapi na hupumzika lini. Sisi tulihamishia mikutano mikubwa kwenye siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi hubaki nyumbani kwa sababu mwanga wa mwezi huwafanya dagaa wasikusanyike kwenye taa. Bila shaka kipindupindu hakisubiri mbalamwezi, hivyo siku nyingine zote tulikwenda mwaloni alfajiri, mitumbwi ilipokuwa ikitia nanga, tukazungumza huku watu wakishusha mzigo.

Suala la lugha lilitupa shida ndogo kuliko tulivyohofia. Tulikuwa tukihangaika kutafuta wakalimani wa Kirundi, ilhali akina bibi wa Kiha, wenyeji wa Kigoma, waliokuwa wakiuza mihogo walikuwa wakielewana na wageni tangu siku ya kwanza. Hata maji, ambayo ndiyo yaliyokuwa mada yetu yote, kwa Kiha na kwa Kirundi ni "amazi".

Kilichonifunza zaidi ni ndoo. Tulikuwa tumegawa vidonge vya klorini nyumba kwa nyumba, na baada ya siku chache tukaanza kusikia kwamba vidonge vile vinafunga kizazi. Wenzangu walitaka kuitisha mkutano wa kukanusha uvumi. Mimi nilikwenda kuketi na mama mmoja muanika dagaa, ambaye alinimiminia maji yetu kikombeni, akaninusisha, kisha akasema, "Mwanangu, wewe ungeyanywa haya?" Yalinuka dawa kali, nami sikuyamaliza. Nilipomwomba anioneshe anavyotengeneza, alileta ndoo ndogo ya lita 10 na kutumbukiza kidonge kizima, wakati kidonge kile kilikuwa cha dumu la lita 20. Hakuna aliyekuwa amemwambia, kwa kuwa sisi tulipofundisha tulishika dumu mkononi na kudhani kila nyumba inalo. Mtu anayepewa maji yenye harufu ya namna ile ana haki ya kushuku, na maneno ya kizazi yalikuwa namna yake ya kusema kwamba kuna kitu hakiko sawa. Tangu hapo tulianza kila somo kwa kuomba tuoneshwe chombo cha nyumba hiyo, tukakubaliana kuhusu ndoo mbili za lita 10 kwa kidonge kimoja, kuchuja kwa kitambaa maji yaliyovurugika, na kungoja nusu saa kabla ya kunywa. Maneno ya kizazi hatukuyakanusha popote. Yalififia pamoja na harufu.

Jambo gumu kuliko yote ni msiba, na hapo nashauri usiende na katazo mkononi. Maiti ya kipindupindu huambukiza, na kuosha maiti ni wajibu ambao familia ya Kiislamu haiwezi kuuacha kwa sababu ya tangazo la bwana afya. Tulikwenda kwa sheikh tukiwa hatuna hatari yoyote mpya ya kumtisha nayo, tukamweleza ugonjwa unavyosafiri kutoka kwenye mwili hadi mkononi, na kutoka mkononi hadi kwenye sinia la chakula cha matanga, kisha tukamuuliza yeye angefanyaje. Alitukumbusha kwamba dini ina tayamamu, yaani kutumia udongo safi badala ya maji, pale ambapo kuosha hakuwezekani, ila hakuona kama tumefikia hapo. Akamwita mzee ambaye kwa miaka mingi ndiye muosha maiti wa kijiji. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama klorini ya kuoshea itaichafua sanda, na alipoambiwa nguo nyeupe haidhuriki, aliomba glavu za watu wanne, kwa kuwa huosha wakiwa wanne.