Maswali na Majibu: Benki Inapokukubalia Mkopo Mkubwa wa Nyumba

Swali: Niliomba mkopo wa nyumba, benki ikasema nastahili zaidi ya nilichoomba. Nichukue wote?

Usichukue. Nimeshalijibu swali hili mara nyingi, na bado watu wanaisoma barua ya benki kama kipimo cha uwezo wao. Benki inapima kama fedha zake zitarudi, na ukishindwa wewe, hati ya nyumba iko mkononi mwake. Mara nyingi haihesabu ada za watoto wala mzazi anayesubiri pesa ya dawa kila mwezi. Hesabu mwenyewe: anza na mshahara baada ya makato, toa madeni mengine, toa wastani wa matumizi halisi ya mwezi kwa miezi 3 iliyopita (usikisie), kisha toa fungu la matengenezo. Rejesho la mkopo la kila mwezi lisizidi kinachobaki. Na hata kikibaki kikubwa, likivuka theluthi ya mshahara huo, tafuta nyumba ndogo zaidi.

Kabla ya kusaini, kwa miezi 6 weka kando tofauti kati ya kodi unayolipa sasa na rejesho linalokuja. Ukikwama mwezi wa tatu, umejua mapema. Ukimaliza, hiyo ndiyo akiba yako ya dharura.

Swali: Nimelipa miaka 5 bila kukosa, deni limepungua kidogo sana. Nimeibiwa?

Huenda hujaibiwa. Mikopo mirefu ndivyo ilivyo. Tuseme mkopo ni 100,000, riba 12% kwa mwaka, muda miaka 25. Rejesho la mwezi ni kama 1,053. Mwezi wa kwanza riba peke yake inakula 1,000, hivyo deni linapungua kwa 53 tu. Miaka 5 ikitimia umeshatoa zaidi ya 63,000 na bado unadaiwa karibu 95,700. Ndiyo maana anayelazimika kuuza mapema, bei ikiwa imeshuka, anaweza kutoka bila nyumba na deni bado analo.

Ukiongeza 100 kila mwezi tangu mwanzo, mkopo huo unaisha ndani ya miaka 17. Ila andika barua kwamba ziada ipunguze deni la msingi (kiasi ulichokopa, bila riba), maana baadhi ya benki huihesabu kama rejesho la mwezi ujao. Uliza pia kama kuna faini ya kulipa mapema.

Swali: Riba inayobadilika inaanzia 7%, nafuu kuliko isiyobadilika. Ina ubaya gani?

Kwa 100,000 ya miaka 25, riba ya 7% ni rejesho la 707. Ikifika 10% ni 909. Kama 909 huiwezi leo, usisaini. Marekani, kabla ya mwaka 2008, wengi walipewa riba ndogo ya miaka 2 ya mwanzo. Ilipopanda hawakuweza kulipa, na kuuza kukawa kugumu kwa sababu bei za nyumba zilikuwa zinashuka.

Swali: Nikope kwingine ili nipate malipo ya awali, yaani sehemu ya bei ninayotakiwa kutoa mwenyewe?

Hapana. Na samani mpya zisubiri pia.

Swali: Nimekosa marejesho ya miezi 2. Benki inapiga, sipokei simu.

Pokea leo. Faili likishafika kwa wanasheria, gharama zao kwa kawaida huongezwa kwenye deni lako. Nenda na hati za mshahara, orodha ya matumizi na kiasi unachoweza kulipa kwa uhakika. Omba muda wa mkopo urefushwe, au miezi michache ya kulipa riba tu, na makubaliano yawe kwa maandishi. Usizibe pengo kwa mikopo ya riba ya kila wiki. Mwambie mwenzi wako usiku huu, asije akalisoma tangazo la mnada ukutani.

Ukiona hata rejesho lililopunguzwa hutaliweza, omba ridhaa ya benki uiuze mwenyewe. Nyumba ya mnada mara nyingi huuzwa chini ya bei ya soko, na penye sheria inayoruhusu, pengo linalobaki hudaiwa wewe.