Jiko la safari kwenye Noah: usianze na kabati

Ndugu yangu, umesema mnatoka Dar hadi Kigoma kupitia Mpanda, watu wanne kwenye Noah, na fundi anataka akuchongee kabati la droo nyuma. Mwambie asubiri. Mbao ni nzito, na Noah yenye watu wanne na mizigo yao tayari imelala chini. Masanduku mawili ya plastiki yenye mifuniko yanatosha, moja la vyombo na jingine la chakula. Yafunge kwa mikanda, la sivyo sufuria zitaimba njia nzima.

Pa kuumiza kichwa ni kwenye gesi. Beba mtungi mdogo, uuweke wima siku zote, na funga koki kabla ya kuondoka, hata kama mnasogea kidogo tu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, kwa hiyo kioo kilichoshushwa kidogo hakikusaidii. Usipikie ndani ya gari, hata mvua inyeshe vipi. Katakata vitunguu chini ya mlango wa nyuma ulioinuliwa, jiko liwe hatua kadhaa pembeni, limekingwa upepo kwa kipande cha bati.

Friji ya gari achana nayo kwa safari hii. Gandisha chupa za maji, zipange kwenye deli, zikiyeyuka mnakunywa.

Maharage? Yaloweke asubuhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Mkifika jioni yameshavimba, na gesi haitaliwa sana.