Picha inagandaganda na antena iko juu ya bati? Anza na waya

Pole dada, nimekuelewa, antena iko juu ya bati, umefunga na busta (kile kifaa cha kuongeza nguvu ya signo) lakini picha ya TV inagandaganda hasa mvua ikinyesha. Zamani kwenye analojia signo ikipungua ulikuwa unaona chenga ila unaangalia tu, hii dijitali ikishuka kidogo chini ya kiwango picha inakatika kabisa, ndo maana unaona kama king'amuzi kibovu kumbe wala.

Mi ningeanza na waya. Fungua ile konekta ya juu uangalie, ukikuta shaba imeingia ukijani maji yameshaingia hapo, na nyuzi za nje zikigusa ule waya wa kati zinakata signo, yote mawili dawa ni moja, kata kipande, funga konekta mpya, zungushia tepu vizuri na uache waya ulegee kidogo chini ili maji yadondokee nje. Tumia waya wa RG6 wa ohm 75, mrefu kadiri ya mahitaji tu.

Halafu chungulia antena za majirani zinaelekea wapi na vijiti vyao vimelala au vimesimama, fanya hivyohivyo. Mmoja azungushe taratibu, mwingine afungue menyu ya signo asome ubora, sio nguvu peke yake, maana busta inapandisha nguvu pamoja na uchafu wote, na kama mnara wa matangazo uko karibu, hiyo busta itoe kabisa ujaribu.

Ila tafadhali, bati likiwa limelowa usipande, na kama nyaya za umeme zinapita karibu muite fundi.